Hafu shafti ya nyuma iliyoganda: jinsi ya kuitoa bila kuua ekseli

Nati nne zimefunguka, dramu iko chini, umevuta mpaka mabega yanauma, na hafu shafti, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka kwenye difu (gia zilizo katikati ya ekseli) hadi gurudumu, haijasogea hata kidogo. Wengi hukwama hapa, na uharibifu huanzia hapa: nyundo kubwa inaletwa, bamba la breki (bati linalobeba breki nyuma ya dramu) linakunjika, flenji (mdomo mpana wa kufungia boliti) inapinda, na kazi ya kubadilisha sili (mpira unaozuia oili isivuje) inageuka kazi ya kutafuta ekseli nzima.

Mwongozo huu unahusu Toyota Hilux za zamani zenye ekseli moja nzima nyuma na breki za dramu. Corolla za zamani zinazoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, kama DX ya KE70, zinafanana nazo kwa sehemu kubwa. Pale zinapotofautiana tumesema.

## Nini hasa kimeganda

Upande wa ndani, hafu shafti haijafungwa na kitu. Meno yake yameingia tu kwenye gia ya pembeni ya difu, tena yanalowa oili muda wote. Huko hakugandi.

Kinachoganda ni upande wa nje. Kwenye Hilux, beringi imekaa ndani ya kasha la chuma, na kasha hilo limeingia kwenye mdomo wa hausingi ya ekseli (bomba la nje linalofunika shafti) kwa kubana. Maji na matope yanapenya pale bamba la breki linapokutana na flenji ya hausingi, na kutu inaanza kuota. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inajikaza yenyewe mwaka baada ya mwaka. Magari ya pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, huganda vibaya zaidi kwa sababu ya chumvi.

Eneo lenyewe ni ukanda mwembamba wa chuma kuzunguka mdomo wa hausingi. Dawa, nyundo na moto vyote vinapaswa kuelekezwa hapo, na nguvu ya kuvuta iende sambamba na shafti. Nguvu inayokwenda kwingine inavunja kitu kizima.

## Kwanza hakikisha gari lako ni la aina hii

Usiruke sehemu hii. Zipo ekseli ambazo ukizipiga nyundo ya kuvuta utaua difu.

Zenye klipu ndani ya difu. Land Cruiser FJ40 na FJ60 zenye ekseli ambayo shafti inabeba uzito wa gari ni mfano. Mwisho wa shafti, ndani kabisa ya difu, kuna klipu yenye umbo la herufi C. Unafungua kifuniko cha nyuma cha difu, unatoa pini inayoshikilia gia ndogo, unasukuma shafti kwenda ndani kidogo, klipu inatoka, ndipo shafti inavutika kwa mkono. Ukivuta kwa nyundo kabla ya hapo, unapasua klipu au gia.

Zenye shafti isiyobeba uzito. Katikati ya gurudumu kuna flenji inayochomoza, yenye nati zake ndogo kuizunguka. Pikapu nyingi za Land Cruiser za mfululizo wa 70 ziko hivi, na Land Rover za zamani pia. Hapo shafti inatoka bila kugusa beringi wala kushusha tairi. Zikiwa na vishikizo vya koni chini ya nati, gonga flenji kwa nyundo ya shaba kuzunguka mpaka koni ziruke.

Aina yetu. Nyuma ya bamba la breki, upande wa difu, utaona nati nne zinazoshika bamba kwenye flenji ya hausingi. Hii ndiyo Hilux. Kwenye Corolla DX, nati nne zinafikiwa kutoka mbele kupitia tundu lililo kwenye flenji ya hafu shafti: unazungusha shafti mpaka tundu lisimame mbele ya kila nati.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuinua gari. Kazi ikikatikia njiani, gari litalala kwenye stendi.

- Jeki ya tani 2 au zaidi, stendi mbili, na kabari nne nzito
- Soketi ya 21 ya nati za tairi
- Soketi na spana ya 14 yenye pembe sita, pamoja na ekstensheni
- Soketi ya 24 ya boliti za difu
- Spana ya 10 ya paipu za breki, ile yenye mdomo uliopasuliwa unaoshika nati karibu pande zote
- Boliti mbili za M8 zenye hatua ya meno 1.25, urefu wa milimita 40 hadi 50
- Nyundo ya kilo 1, na kipande cha shaba au chuma laini cha kupigia
- Tindo mbili nyembamba na visu viwili vya kupaka puti
- Burashi ya waya, msasa wa 180 na wa 320
- Dawa ya kutu ya kupenya, kopo zima
- Nyundo ya kuvutia (maelezo yako hatua ya 7)
- Beseni, vitambaa, kizimamoto au ndoo ya mchanga

Spea: sili ya ndani, o-ringi au gasketi ya mdomo wa hausingi, oili ya difu SAE 90 ya daraja la GL-5 lita 3, na oili ya breki DOT 3. Kama beringi ina kelele au mchezo, nunua beringi pamoja na pete yake ya kubana. Pete hiyo haitumiki mara mbili.

## Hatua ya 1: Lowesha siku moja kabla

Dawa ya kutu inafanya kazi kwa muda, kiasi hakisaidii. Jioni ya siku iliyotangulia, ingia chini ya gari, piga burashi ya waya nyuma ya bamba la breki mpaka chuma kionekane, kisha nyunyizia sehemu mbili: nati nne na meno yake, na mstari ule mwembamba ambapo bamba linakutana na flenji ya hausingi. Rudia baada ya saa moja, na tena asubuhi.

Ukikosa dawa ya dukani, changanya oili ya gia ya otomatiki na asetoni kwa kiasi sawa. Inapenya vizuri sana. Inashika moto upesi pia, kwa hiyo chombo chake kikae mbali na pale utakapofanyia kazi ya gesi.

Usinyunyizie ndani ya dramu. Shuu (vipande vya breki vinavyobana dramu kwa ndani) zikinyonya dawa hazifai tena.

## Hatua ya 2: Simamisha gari lisiweze kuondoka

Hapa pana hatari ambayo watu hawaioni. Hendibreki ya Hilux inashika magurudumu ya nyuma, nawe lazima uilegeze ili dramu itoke. Kuweka gia nako hakutoshi: gurudumu moja la nyuma likiwa juu, difu inaliacha lizunguke lenyewe na gari linaweza kujongea.

Kwa hiyo magurudumu ya mbele yote mawili yapigwe kabari, mbele na nyuma. Sakafu iwe ngumu na iliyonyooka. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, inua, kisha weka stendi chini ya hausingi karibu na springi, na ya pili chini ya chesisi upande huohuo. Utapiga na kuvuta kwa nguvu, na stendi moja inaweza kutembea.

Sukuma gari kwa mwili wako kabla ya kuvua tairi. Likitikisika juu ya stendi, shusha upange upya. Acha nafasi ya mita moja na zaidi kando ya gari, maana shafti ni ndefu na inatoka ikiwa imenyooka.

## Hatua ya 3: Mwaga oili ya difu

Fungua boliti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukagundua ya kujazia imeganda, una gari lisilo na oili na huna pa kuiweka.

Wapo wanaoruka hatua hii kwa sababu upande ulioinuliwa haumwagi oili nyingi. Sisi hatushauri hivyo. Vumbi la kutu litaingia ndani utakapovuta, na kama itafika kwenye moto, hutaki lita mbili za oili ndani ya bomba unalolipasha.

Itazame oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, tatizo la gari si sili tu.

## Hatua ya 4: Toa dramu

Lowesha vumbi la breki kwa maji kabla ya kuligusa, na usilipulize kwa kompresa. Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu.

Dramu ya Toyota ina matundu mawili yenye meno ya M8. Ingiza boliti mbili, zungusha kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Zikikaza, acha zikiwa zimekaza na ugonge uso wa dramu kwa nyundo katikati ya stadi (boliti zilizopandwa za gurudumu). Utasikia mlio mkavu, na dramu itaruka milimita chache.

Ikisogea kisha ikakwama, kutu si sababu tena. Dramu iliyolika ina ukingo kwenye mdomo wake, na shuu zimenaswa nyuma ya ukingo huo. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bamba la breki, ingiza bisibisi, na uzungushe nyota ya kurekebishia mpaka shuu zirudi ndani. Kulazimisha hapa kunang'oa pini za shuu.

## Hatua ya 5: Achanisha breki

Hatua hii ni ya Hilux, kwa kuwa bamba la breki linatoka pamoja na shafti. Kwenye Corolla DX bamba linabaki, ila lishikize kwa nati moja baadaye lisije likaning'inia kwenye paipu.

Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha chupa ya oili ya breki na ufunge. Hewa ikikosa kuingia, oili haitatiririka sana. Fungua nati ya paipu kwa spana ya 10. Nati ikigeuka na paipu ikajisokota nayo, simama. Kaza kidogo, nyunyizia dawa, legeza kidogo, nenda hivyo mbele na nyuma. Paipu iliyojisokota hupasuka siku nyingine, barabarani. Ziba ncha zote mbili kwa kofia za mpira.

Kisha achanisha kebo ya hendibreki. Hii husahaulika mara nyingi, na mtu anavuta akidhani kutu ndiyo inayomzuia huku kebo ikiwa imelishika bamba.

## Hatua ya 6: Nati nne, kisha vunja kutu

Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inakula kona za nati yenye kutu. Kaza kila nati kidogo sana kabla ya kulegeza; kule kusogea kwa kwanza kwenda mbele kunapasua kutu ya kwenye meno.

Usitoe nati zote. Ziache zikiwa zimeshika meno mawili au matatu mwisho wa stadi zake, zile zilizopandwa kwenye kasha la beringi. Shafti ikiachia ghafla, nati zitaizuia isikuangukie miguuni, na meno ya stadi yatakingwa.

Sasa fungua njia ya dawa. Piga kisu cha puti, kutoka nyuma, kati ya bamba la breki na flenji ya hausingi. Kikiingia, fuata na kingine upande wa pili. Vikishapata nafasi, badilisha na tindo nyembamba, mbili zikielekeana, piga moja kisha nyingine. Zikae moja kwa moja kwenye maungio karibu na stadi, pale bamba lilipo nene. Ukipiga tindo pembeni mwa bamba, unakunja bati tu na kasha halisogei.

Njia nyingine ni kupiga mwisho wa stadi zenyewe kwenda nje, kupitia kipande cha shaba, nati ikiwa sawasawa na ncha ya stadi. Piga kwa mpangilio wa msalaba, mapigo mepesi na mengi. Itazame stadi. Ikirudi nyuma peke yake bila bamba kufuata, imeanza kung'oka kwenye kasha, kwa hiyo iache hiyo.

Dalili ya mafanikio: mstari mwekundu wa unga wa kutu unatokea kwenye maungio, na mlio wa nyundo unabadilika kutoka mlio wa kengele kuwa mzito. Nyunyizia dawa kwenye mstari huo mpya mara moja, subiri dakika 15, endelea.

### Kosa linaloharibu beringi nyingi

Usiingize mtaimbo wala boliti za kupanulia kati ya flenji ya hafu shafti na bamba la breki la Hilux. Vyote viwili vinatoka pamoja. Ukivitenganisha unaivuta beringi kutoka kwenye kasha lake, wakati kasha limebaki palepale kwenye kutu. Mtu hufurahi kuona flenji imesogea milimita nne, kumbe ameng'oa beringi iliyokuwa nzima.

Kwenye Corolla DX hali ni tofauti. Bamba linabaki na hausingi, kwa hiyo boliti mbili zenye nati ndefu, zikitegeshwa kati ya flenji na bamba la kushikia beringi, hasa karibu na stadi, zinaweza kuisukuma shafti itoke. Zifungue kwa zamu, robo mzunguko kila moja.

## Hatua ya 7: Nyundo ya kuvutia

Kuvuta kwa mikono hakuvunji kutu. Kutu inavunjwa na pigo la ghafla.

Njia bora ni kumwomba fundi wa kuchomelea akutengenezee nyundo ya kuvutia. Sahani ya chuma ya unene wa milimita 10 itobolewe kufuata stadi za gurudumu: Hilux ina stadi sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, Corolla DX ina nne kwenye duara la 114.3. Katikati achomelee nondo laini ya milimita 20 yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Juu yake ipite bomba nene au kipande cha chuma cha kilo 4 au 5, na mwisho wa nondo kuwe na kizuizi kilichochomelewa pande zote. Kizuizi kikiwa dhaifu, uzito ule utamwendea mtu kifuani. Hakikisha hakuna anayesimama kwenye mstari wa nondo.

Funga sahani kwa nati za tairi, kaza sawasawa. Piga mara tano au sita kwa nguvu, nondo ikiwa imenyooka na shafti. Zungusha shafti robo, piga tena. Kuzungusha kunahamisha pigo ili kasha lisitoke upande mmoja na kujibana upande wa pili. Kila baada ya mzunguko kamili, nyunyizia dawa na uangalie maungio pande zote. Upande mmoja ukitangulia kwa zaidi ya milimita moja, rudi kwenye tindo, upe nguvu upande uliobaki nyuma.

Usipokuwa na nyundo hiyo, tumia dramu kuukuu. Igeuze, mdomo uangalie nje, iweke kwenye stadi, funga nati mpaka meno yote ya nati yashike lakini dramu iwe na nafasi ya kuteleza. Ishike kwa mikono miwili na uivute kwa kishindo igonge nati. Dramu yako nzuri usiitumie: chuma chake ni cha kumiminwa na hupasuka. Rimu ya chuma iliyokufa inafaa, ya aloi haifai.

Dalili ya mafanikio: pengo linaonekana kuzunguka bamba lote, na kila pigo linaliongeza. Pengo likifika milimita 10 hadi 15 mara nyingi kasha linaachia lote. Toa zile nati nne sasa.

## Hatua ya 8: Moto, ikibidi

Kama mizunguko miwili au mitatu ya hatua ya 7 haijatoa hata unga wa kutu, pasha moto.

Masharti kabla ya kuwasha: oili imemwagwa, boliti ya kujazia iko wazi ili hewa itoke, paipu ya breki imezibwa, dawa yote imefutwa, kizimamoto kiko mkononi mwa mtu wa pili. Kama ulisafisha breki kwa dawa ya kopo, ioshe na uiache ikauke kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikipata moto hutoa gesi ya sumu kali.

Pasha hausingi, usipashe bamba wala shafti. Lengo ni mdomo wa hausingi utanuke na kuliachia kasha lililo ndani yake. Elekeza mwali kwenye sentimita tano za mwisho za bomba, nyuma ya flenji, ukiuzungusha bila kusimama. Tone la maji likianza kuchemka na kurukaruka juu ya chuma, imetosha. Chuma kikianza kuwa chekundu umepita kiasi. Bomba linaweza kupinda na beringi haitakaa sawa tena.

Zima, sogeza gesi mbali, na uvute papo hapo kabla joto halijafika kwenye kasha. Isipotoka, iache ipoe mpaka iwe vuguvugu ya kushikika, nyunyizia dawa, rudia. Kupanuka na kusinyaa mara mbili tatu kunavunja kile ambacho pigo moja halikuvunja. Sili ya ndani itaungua. Hiyo unaibadilisha kwa vyovyote.

## Hatua ya 9: Kuitoa

Ikishaachia, mikono miwili. Mmoja kwenye flenji, mwingine chini ya shafti, itoke ikiwa imenyooka na bila kulala juu ya mdomo wa sili. Ina uzito, pamoja na bamba na shuu zake. Msaidizi wa kupokea si anasa.

Weka alama ya kushoto au kulia. Ziba mdomo wa hausingi kwa kitambaa safi.

## Ikitoka nusu

Shafti imetoka, kasha au gamba la beringi limebaki. Hii hutokea beringi ikiwa imesagika. Kasha la Hilux linaendelea kutolewa kwa tindo na stadi kama hatua ya 6, tena ni rahisi zaidi sasa kwa kuwa shafti haipo njiani. Gamba la nje la beringi lililobaki ndani ya hausingi ya Corolla linataka fundi wa kuchomelea: apige mstari mmoja wa weldi kuzunguka uso wa ndani wa gamba. Weldi ikipoa inasinyaa na kulivuta gamba liwe dogo, na mara nyingi linatoka kwa kuvutwa na ndoano. Waya wa eathi ufungwe kwenye hausingi hiyohiyo, karibu. Ukifungwa mbali, umeme utapita kwenye beringi za difu na kuziacha na madoa.

Shafti imekatika. Kipande cha ndani kimebaki kwenye difu. Inua gari upande wa pili ili kipande kiteremke, na ujaribu sumaku yenye mpini mrefu. Usitumie muda wako kukisukuma kwa nondo kutoka upande mwingine: mhimili wa gia ndogo umekaa katikati ya difu na unaziba njia. Sumaku ikishindwa, toa shafti zote mbili, fungua propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi difu), na ushushe difu. Hata kipande kikitoka kwa sumaku, difu ioshwe, kwa sababu vipande vidogo vya mkatiko huwa vimebaki chini.

## Kabla ya kurudisha

Sugua mdomo wa hausingi kwa msasa wa 180 kisha wa 320 mpaka kutu iishe, bila kula chuma. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja pia.

Kabla ya kung'oa sili ya zamani, pima kina chake kutoka kwenye ukingo, na ya mpya uipige ifike kina hichohicho.

Kama unabadilisha beringi, pete ya kubana hukatwa kwa grainda karibu kufika kwenye shafti, kisha inapasuliwa kwa tindo. Usiguse shafti: mkwaruzo mmoja wa diski ni mahali itakapokatikia. Kuingiza beringi ni kazi ya presi. Nyundo inapitisha pigo kwenye gololi, na beringi mpya inaanza kuunguruma ndani ya muda mfupi. Pete mpya hupashwa mpaka nyuzi joto 150 hivi kabla ya kubanwa.

Piga picha ya mpangilio kabla ya kuvua chochote kwenye shafti. Bamba la breki, kasha na vikingio vyake huingia kabla ya beringi. Ukisahau kimoja, beringi mpya na pete mpya vyote vinakatwa ili urudie. Makosa haya hutokea hata kwenye karakana zenye presi nzuri, kwa sababu anayebana si yeye aliyefungua.

## Kurudisha

Paka grisi nyembamba inayozuia kutu kwenye mdomo wa hausingi na nje ya kasha. Mtu atakayefungua miaka mingi ijayo, huenda ni wewe, hatahitaji moto. Weka o-ringi au gasketi mpya, na grisi kidogo kwenye mdomo wa sili.

Ingiza shafti ikiwa imenyooka, uzito wake ukiubeba wewe na si sili. Meno yakigusa difu, zungusha flenji taratibu mpaka yaingie. Utahisi shafti inateleza sentimita chache kwa ulaini. Kasha liingie kwa mkono au kwa kugongwa kidogo. Usilivute kwa nati nne likiwa limepinda.

Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba hadi karibu Nm 70 kwa Hilux. Rudisha kebo, paipu, dramu. Rekebisha nyota mpaka dramu ikwaruze kidogo sana. Toa upepo kwenye breki, ondoa ile nailoni chini ya kifuniko, na ukanyage pedali mpaka iwe ngumu.

Gari likiwa limenyooka chini, jaza difu mpaka oili ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia, nawe uwe na subira: oili nzito huchukua dakika kadhaa kuenea hadi kwenye bomba za pembeni, na kiwango kitashuka. Ongeza. Kaza nati za tairi hadi Nm 110 kwa rimu za chuma.

Endesha kilomita 10 polepole, ukijaribu breki mahali pasipo na watu kwanza. Simama, shika dramu kwa uangalifu pande zote mbili. Joto lililozidi upande mmoja ni shuu zilizokazwa mno au beringi iliyokaa vibaya. Chungulia nyuma ya bamba: ukavu unatakiwa. Baada ya kilomita 100, kaza tena nati za tairi, chungulia tena, na upime kiwango cha oili ya difu.